Nyumba Inayopumzika

Jumapili, 7 Septemba 2025

Mchungaji Kalala amehubiri saa moja na dakika ishirini. Habari yenyewe: kupumzika. Amesema hapa mtaani kwetu Musonoi malori hayapumziki, mashimo ya shaba hayapumziki, na sasa Wakristo nao wameanza kufanana na malori. Watu wamecheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naandika.

Kisha tangazo. Uchaguzi wa mkuu wa mashemasi ni tarehe 28. Wagombea wawili: mimi, Elisée Kyungu, na jirani yangu Godefroid Banza. Kabla ya hapo, kamati itapita nyumbani kwetu Jumapili mbili, bila kutaja saa, ione ni nyumba ya nani inapumzika kweli siku ya Bwana.

Mkuu wa mashemasi anakalia kile kiti cha mikono pale mbele. Na ndiye anayeshika maikrofoni wakati wa matangazo. Nakitaka kile kiti. Naandika wazi, daftari ni langu. Godefroid hana hata sauti ya matangazo. Anaongea kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Nimemweleza mke wangu Henriette. Jumatatu mpaka Jumamosi anaamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua, anawauzia wachimbaji wanaopita kwenda mashimoni. Jumapili anateka maji, anapika, anafua. Nimemwambia Jumapili mbili zijazo nyumba hii haitafanya kazi yoyote. Amefurahi sana! Ameuliza basi nani atapika. Nimemjibu hayo ni mambo madogo madogo.

Jumatatu, 8 Septemba

Miaka ishirini na miwili nilikuwa pointeur kampunini. Daftari la kuingia na kutoka kazini lilikuwa mikononi mwangu, na hakuna aliyeniibia hata dakika tano. Kama kuna mtu katika mji mzima wa Kolwezi anayeweza kupanga pumziko, ni mimi. Ratiba imebandikwa sebuleni:

Saa saba: kukaa.
Saa saba na nusu: kutafakari.
Saa nane: kukaa tena, kuelekea upande wa pili.
Saa nane na nusu: wimbo mmoja, bila kusimama.

Binti yetu Jémima, miaka kumi na saba, ameisoma yote akauliza mstari wa mama uko wapi. Nimemwonyesha, chini kabisa. "Mama: kuhakikisha wanaopumzika hawasumbuliwi." Jémima amefunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Godefroid amenunua kiti kirefu cha plastiki, kile cha kulala chali. Amekiweka mbele ya nyumba yake ili barabara nzima ikione. Mtu huyu hana aibu. Nimeuliza bei. Ghali.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata! Wana wa Israeli jangwani waliokota mana ya siku mbili siku ya sita, na siku ya saba hawakugusa kitu. Basi na sisi tutapika Jumamosi chakula cha Jumapili. Henriette amesema bukari, ugali wetu, haikubali kulala. Nimemwambia mana ililala. Amesema mana haikuwa bukari. Mwanamke huyu anapenda mabishano.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku ya kazi kubwa. Tumeteka bidoni kumi na mbili za maji. Tumefua, tumepiga pasi, tumefagia uwanja, tumepika sombe ya majani ya muhogo na sufuria nzima ya bukari. Ninaposema tumefanya, maana yake Henriette na Jémima. Mimi nilisimamia mpaka mguu ukafa ganzi.

Jioni Henriette alikaa juu ya bidoni akashika kiuno. Akaniambia, "Tata Jémima, kesho mi nitalala mpaka saa mbili." Nimemkumbusha kwamba saa mbili ndipo ibada inaanza, na kwamba pumziko zuri lina nidhamu. Alikuwa anatazama mikono yake.

Jumapili, 14 Septemba

Kamati imefika saa saba na dakika kumi. Mchungaji Kalala, na Mama Mignonne, mkuu wa akina mama, mwanamke asiyetembea bila daftari. Wametukuta tunakaa, kama ratiba inavyosema. Watu watatu kwenye mstari mmoja, mikono juu ya magoti. Nilijivunia familia yangu.

Kisha nikawakaribisha mezani. Kosa! Bukari ilikuwa imelala kweli, na ilikuwa imeamka jiwe. Kijiko kilipinda. Niliomba kisu. Kisu kiliingia kikakataa kutoka. Mchungaji alishika sahani, mimi nikavuta, na Mama Mignonne akauliza kwa heshima kama kuleta shoka siku ya Bwana kunaruhusiwa. Godefroid alikuwa ameshainua kichwa juu ya ukuta. "Tata Elisée, ile bukari ni ya kula ao ya kujengea nyumba?" Wachimbaji waliokuwa wanapita barabarani wamecheka mpaka wakasimama.

Mama Mignonne alimwuliza Henriette kama anapumzika vizuri. Henriette akajibu, "Sana, mama. Napumzika tangu jana saa tisa ya usiku." Mama Mignonne akaandika kitu kirefu. Nadhani ni alama nzuri.

Jumanne, 16 Septemba

Habari njema. Godefroid ameajiri msichana wa kufanya kazi za Jumapili ili yeye aendelee kulala chali. Nimekwenda mbio kwa mchungaji kumshitaki, kwa upendo. Mchungaji amefungua Biblia kwenye amri ya nne, akanionyesha kwamba hata mtumishi ametajwa humo. Msichana naye lazima apumzike, na Godefroid ataambiwa leo leo. Amekwisha!

Nimerudi nyumbani nikaisoma ile amri mwenyewe, mara tatu, kwa kidole, jinsi nilivyokuwa nasoma orodha ya majina kazini. Mwana yumo. Binti yumo. Mtumishi wa kiume, wa kike, wote wamo. Ng'ombe yumo. Hata mgeni yumo, mtu asiyejulikana ametoka wapi.

Mke hayumo.

Nimemwonyesha Henriette, polepole, bila kumwumiza. Nimemwambia si mimi niliyeandika. Amefuta unga mikononi, amesoma mpaka mwisho, amefunga Biblia. "Kumbe ng'ombe ananipita," akasema. Kisha akarudi kwenye unga wake. Nimeshukuru kwamba amelipokea vizuri.

Jumamosi, 20 Septemba

Mpango wa kesho hauna tundu. Kwa kuwa mke hayumo katika orodha, Henriette hatakuja ibadani. Ataamka saa kumi na moja, atateka maji, atafagia, atapika, na saa sita makala yote, mkaa wa kupikia, yatakuwa yamezimwa na jiko la mbabula limefichwa nyuma ya nyumba. Kamati itakuta bukari ya moto na hakuna moshi. Kama vile imeshuka yenyewe.

Nimemweleza mara mbili. Amesema, "Nilisikia." Hakubishana hata kidogo. Hapo ndipo nimeona nguvu ya Maandiko.

Jumapili, 21 Septemba

Maafa.

Nimeamka saa moja. Kimya. Hakuna harufu ya makala, hakuna ufagio. Henriette yuko kando yangu, amelala kama mtoto. Nimekohoa. Nimedondosha kiatu. Nimewasha redio, nimeongeza sauti. Nimemwita kwa jina lake, halafu kwa jina la baba yake. Akafungua jicho moja tu.

"Leo miye ni ng'ombe," akasema. Akageukia ukuta.

Ningemtuma Jémima, lakini Jémima ana wimbo wa peke yake kwenye kwaya, na asipoimba yeye ataimba binti wa Godefroid. Haiwezekani. Ameondoka akiwa anatabasamu. Nimebaki mimi na bidoni, ibada imenipita.

Bombani nilikuwa mwanaume peke yangu, na koti la kanisani mwilini. Akina mama walinipisha mbele. Walidhani kuna msiba. Bidoni ya kwanza imemwagika nusu kwenye suruali. Ya pili nimeibeba begani, na shingo bado imepinda ninapoandika. Sijui yeye anabebaje kumi na mbili.

Makala yalikataa kushika mpaka saa sita. Nimepuliza mpaka nikaona nyota. Nimetia unga kabla maji hayajachemka, ukawa madonge. Nimeongeza maji, ukawa uji. Nimeongeza unga, ukafika darini.

Katikati ya hayo niliingia chumbani kutafuta mwiko. Haukuwa humo, bila shaka, lakini nilikuwa sijui mambo ya nyumba yanakaa wapi. Henriette alikuwa amelala mdomo wazi, mkono mmoja nje ya shuka. Mkono ule una alama za mafuta ya moto kuanzia kidole mpaka kiwiko, za zamani na za juzi. Nimezihesabu mpaka kumi na tisa. Nimemwoa miaka ishirini, na sikuwa nimewahi kuziona zikiwa zimetulia mahali pamoja. Niliona haya. Nilisimama pale muda mrefu, sikujua la kufanya na miguu yangu. Kisha nikasikia sufuria inaungua.

Kamati iliingia wakati huo huo. Nina mwiko mkononi, unga kwenye nyusi, moshi uwanja mzima, bidoni mbili mlangoni, siku ya Bwana! Nyuma yao Godefroid, ameacha kiti chake kwa mara ya kwanza tangu akinunue, aje aone mwisho wangu.

Mama Mignonne akauliza mama yuko wapi. Nilitaka kusema mgonjwa. Nikafungua mdomo, na Henriette akakoroma. Nyumba yetu ni ndogo, wote wamesikia.

"Analala?" Mama Mignonne akauliza. Akaenda mwenyewe mpaka mlango wa chumba, akachungulia, akarudi macho yana maji, anakataza asiamshwe. "Musimulamushe! Mutu asimulamushe!" Mchungaji akavua kofia. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amehubiri habari hii miaka kumi na leo ndiyo anaiona kwa macho: mtu aliyechukua kazi ili mwenzake apumzike. Nyumbani kwa Godefroid, akasema, wamekuta bwana amelala chali, na msichana amepewa ruhusa ya kupumzika kama yeye mchungaji alivyoagiza, na mkewe yuko nyuma anasugua sufuria zote peke yake.

Godefroid amerudi kinyumenyume mpaka akajikwaa kwenye bidoni. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hiyo.

Sikusema uongo. Sikusema lolote. Niliinamisha kichwa tu, na shingo ilinisaidia.

Jumatatu, 22 Septemba

Mchungaji amekuja. Jumapili ijayo, kabla ya kura, nitatoa ushuhuda mbele ya kanisa zima: jinsi ya kumpumzisha mke. Na baada ya ibada kamati, wazee na kwaya watafika hapa kwetu kuona mfano. Watu kumi na watano. Kiti cha mikono ni changu!

Nimemwuliza, kwa mbali, kwa nini mke hayumo katika ile amri. Ameshangaa. Amesema mke yumo katika lile neno la kwanza, "wewe": anayeambiwa apumzike ni bwana na bibi, kabla watoto na ng'ombe hawajatajwa. Ni jibu zuri sana. Nimeliandika kwenye ushuhuda kama wazo langu.

Alhamisi, 25 Septemba

Ushuhuda umefika kurasa sita. Nimeusoma kwa sauti nyumbani kujizoeza. Henriette ameomba nishushe sauti, amelala muda wa saa tatu tu na unga unamngoja. Nimemwambia avumilie, habari ni yake mwenyewe. Kwenye sehemu ya alama za mkono nimelia machozi ya kweli. Ilibidi nimwombe asogee pembeni na bidoni yake, alikuwa amesimama mlangoni na nilikuwa nimefika kwenye habari ya kuteka maji.

Ijumaa, 26 Septemba

Ratiba ya Jumapili iko tayari. Nimempa Henriette nakala yake. Saa tisa usiku: kuamka. Bukari ya moto ya watu kumi na watano, sombe, samaki, kuku wawili. Kupiga pasi koti langu, kola mara mbili. Kuosha viti. Saa mbili kamili: kukaa mstari wa mbele kanisani, sura ya mtu aliyepumzika. Hilo la mwisho nimelipigia mstari, maana ushuhuda wote unasimama juu yake.

Amesoma mpaka chini. Hakukasirika, hakubishana. Ameuliza tu kesho magari ya Lubudi yanaondoka saa ngapi. Dada yake analima huko, labda anataka kuagiza mboga. Nimemwambia saa kumi na mbili asubuhi, na awahi, yanajaa haraka.

Sasa hivi yuko chumbani na Jémima. Wameshusha valizi kubwa, lile sanduku la safari, wanakunja nguo zao wanaziweka ndani, vitenge, viatu, Biblia yake. Wanacheka. Naona ameamua kupiga pasi zote kwa mara moja ili kuokoa makala. Nimepeleka na koti langu, nimeliweka juu.