Tausi Wangu na Kandambili ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mkutubi ametangaza. Ukuta wa maktaba utatundikwa picha moja. Moja tu! Iwe imegongwa kwa mihuri ya vitu vya kutupwa nyumbani: vizibo, makopo, sponji kuukuu. Atachagua Jumamosi. Nikajua papo hapo: ukuta ule ni wangu. Nimemweleza mke wangu. Ameuliza kama ni wangu kama ule wa bafuni, ambao tangu mwaka juzi nasema nitaupaka rangi. Msanii hajibizani.
Habari mbaya: kinyozi wa ng'ambo ya barabara naye anashiriki. Anagonga kwa machanuo yaliyong'oka meno. Mtu hodari, tena mpole. Simpendi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamua kuchora tausi. Manyoya yanataka kile kibomba cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Tatizo, karatasi zetu hazijaisha. Nimezikunjua roli mbili nzima, nikazishindilia kabatini. Jioni mke wangu akafungua kabati. Lo! Zilimwangukia kama maporomoko. Akasema kitu cha kutupwa ni kile kilichokwisha kazi, akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Shemeji amepita kusalimia. Ameisifu picha. Amesema ni biringanya nzuri.

Jumatano, 5 Machi
Upelelezi. Nimekwenda kwa kinyozi kunyolewa, shabaha ikiwa kuiona picha yake. Ameifunika kwa taulo, mjanja yule! Ikabidi nikae kitini nikisubiri taulo liteleze. Kila alipomaliza nikamwambia apunguze kidogo hapa, kidogo na pale. Nimerudi na kipara. Nilichoona ni ncha ya mti tu. Majani yake yanapepea kabisa! Nimeshindwa kula.

Alhamisi, 6 Machi
Ufumbuzi! Kandambili za mama mkwe, tunayeishi naye, zina soli ya vijipembe vidogo vidogo. Mkia wa tausi mtupu! Alipojilaza mchana nikaiazima ya kushoto, nikaipaka rangi ya buluu, nikagonga. Jamani, uzuri ule! Nikagonga tena. Mara nikamsikia anakohoa. Nikairudisha mlangoni mbio, na katika mbio hizo nikasahau kuifuta.
Mama akaivaa. Akapita sebuleni, akapita jikoni, akatoka uani, akakanyaga shuka jeupe lililokuwa limeanguka toka kambani. Akalivuka lote. Alama za buluu, mguu wa kushoto tu.
Mke wangu akauliza nani kafanya vile. Nikamwambia, bila kupepesa macho, huenda kapita mtu wa mguu mmoja.

Ijumaa, 7 Machi
Nilitegemea mama mkwe atakasirika. Afadhali angekasirika. Amependa! Amelitandika lile shuka sakafuni na kuzigeuza zile nyayo kuwa samaki. Jicho kwa kizibo cha chupa, mkia kwa kipande cha sponji, magamba kwa kitunguu kilichokatwa nusu. Ameketi hapo tangu asubuhi akicheka peke yake. Hata chai imempoa.
Nikamshauri kwa heshima zote kwamba samaki hawana hadhi ya ukutani. Akainua macho, akamtazama tausi wangu, akasema, "Mwanangu, huyo apelekwe kwa daktari."

Jumamosi, 8 Machi
Siku yenyewe. Asubuhi nimemwongezea tausi rangi, mikupuo mitatu, avute macho. Mama mkwe naye amekunja shuka lake la samaki, tukaondoka pamoja. Maktabani nikakuta msitu wa kinyozi umeegemezwa ukutani, umetulia, mzuri hadi kero. Watu walipogeuka nikamsimamisha tausi mbele yake, aukinge kidogo. Sikufikiria kwamba rangi haijakauka. Mkutubi alipozitenganisha picha hizo, zikalia chwaaa! Nusu ya mkia ikabaki msituni. Nusu ya msitu ikaja kwangu. Kinyozi akanitazama shingo tu, na mtu yule ana wembe.
Mkutubi akachagua samaki.
Watu wakapiga makofi. Mama mkwe akasimama na kitenge chake kipya. Akasema tangu afiwe na mumewe hajawahi kufanya jambo likatazamwa na watu, na kwamba mkwewe ndiye aliyemwanzishia. Akanishika mkono mbele ya wote. Kwa muda kidogo nilikuwa na furaha ya kweli.
Kisha nikakumbuka kwamba nimeshindwa.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari kwa kina. Nimeomba msamaha kwa kinyozi, kutoka ng'ambo ya barabara. Nimekiri kosa langu, nalo ni hili: picha ni bapa. Mtu wa kipawa changu hatoshi kwenye karatasi.
Nasikia zahanati ina kibaraza kitupu mbele ya mlango. Pale panalilia sanamu! Sanamu ya mtu mwenye busara. Mke wangu amenunua miche minne ya sabuni, na hakuna nyumba inayohitaji miche minne kwa mara moja. Ametoka. Kisu ninacho. Kioo nimekiegemeza mbele yangu.
Nimeanza na pua. Imechukua miche miwili.