Sikukuu ya Penseli na Waya wa Njano

Alhamisi, 11 Aprili

Kesho sikukuu. Siku nne, hadi Jumatatu. Ofisi ya tiketi ya stesheni haifungwi, kwa kuwa sikukuu ndiyo siku watu hukumbuka kwamba wana ndugu.

Mambo mawili ya kuandika.

La kwanza: binti yetu anakuja keshokutwa kwa treni ya Jumamosi, pamoja na mtoto. Mjukuu ana miezi saba. Sijamwona ila kwenye simu ya mke wangu, na mke wangu huishika simu kwa namna ambayo mimi huambulia sikio tu. Sikio zuri. Binti ana ruhusa ya kazi hadi Jumanne mchana. Baada ya hapo ni mwakani, Mungu akipenda.

La pili: baada ya sikukuu Mkuu wa Stesheni atamteua Msimamizi wa Tiketi. Tunatajwa wawili. Mimi, miaka thelathini na moja kwenye kaunta hii hii. Na fundi wa kompyuta, miaka miwili, ambaye ofisi nzima inamwita Zima-Washa kwa sababu hiyo ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa. Printa imekwama? Zima, washa. Mashine nzito? Zima, washa. Juzi nilimwambia mgongo unaniuma. Akafungua mdomo, akafikiri, akaufunga.

Mpango wangu ni mwepesi. Mashine zikifa asubuhi moja tu, Mkuu ataona nani anaweza kuuza viti vya treni nzima kwa chati ya karatasi, penseli na kifutio. Chati zangu za zamani zimo kabatini, hazijakunjika hata pembe.

Saa nne Zima-Washa alikwenda kunywa chai. Niliinama chini ya kaunta kama mtu aliyeangusha kifuniko cha kalamu. Huko kuna kisanduku chenye matundu, nyaya na vitaa. Nikachomoa waya wa buluu. Mashine zikagoma, kaunta nzima ikaguna. Safi!

Tatizo: tundu lililoachwa wazi. Tundu tupu huuliza maswali. Kando yake kulikuwa na waya wa njano, ncha moja imo kisandukuni, ncha ya pili inalala sakafuni tangu mwaka jana, aibu ya ofisi. Nikaiokota na kuichomeka pale palipokuwa na buluu. Nadhifu kabisa. Kwa mazoea nikaifunga kikaratasi: Imechomekwa Alhamisi 11/4. Mimi ni mtu wa kumbukumbu.

Saa tano Mkuu alitoka ofisini kwake, tai imelegea, akauliza tutafanyaje. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba huenda, labda, kuna karatasi mahali fulani.

Ijumaa, 12 Aprili

Jana kabla ya kutoka nilirudisha waya wa buluu. Tundu lake lina mpangaji mpya, kwa hiyo niliuweka kwenye tundu la jirani. Nilitarajia mashine zipone. Badala yake vitaa vyote vikaanza kupepesa kwa pamoja, kama wapangaji wanaogombania maji.

Asubuhi hii mambo yamezidi. Si kaunta yetu tu. Stesheni zote za njia hii zimekufa, maana kompyuta kuu imo katika jengo letu. Sijui kwa nini. Mikono yangu ni misafi: nilichochomoa nimerudisha.

Foleni ilifika mlango wa choo. Bibi mmoja aliuliza kama hii ni foleni ya tiketi au ya choo. Aliyekuwa mbele yake akamjibu, bibi, hata sisi tunasubiri kuambiwa.

Kisha nikafungua chati. Karatasi tupu, viti mia mbili, penseli iliyochongwa. Nilipiga mstari wa kwanza na ofisi ikanyamaza. Kanuni ya zamani inasema mashine zikifa, stesheni yetu hugawa viti vya njia nzima kwa simu. Makarani wa stesheni zote wakaanza kunipigia. Karani wa stesheni ya mwisho wa reli, dada mchangamfu, alisema shikamoo Mzee wa Chati, kumbe ungali hai! Nikamwambia marahaba, na kwamba niko hai kuliko jana.

Zima-Washa alitoka chini ya kaunta, vumbi usoni, akanong'ona kwamba chati yangu ni tupu. Nikamwambia ndivyo chati zinavyoanza. Akasema la, mzee wangu, watu wamelipia viti kwa simu tangu mwezi uliopita, majina yao yamo kwenye mashine, hatuyaoni kwa sasa lakini wapo. Nikamweleza, kwa upole, kwamba zamani viti vilianza kuuzwa siku mbili kabla ya safari, na aliyemo kwenye chati yumo, asiyekuwemo hayumo. Akasema zamani hiyo yeye alikuwa hajazaliwa. Nikasema inaonekana.

Mkuu alipita, akanigusa bega. Bega la kushoto. Hajawahi kumgusa Zima-Washa bega lolote.

Sikuweza kwenda nyumbani chakula cha mchana. Mke wangu alipiga, akasema ameazima kitanda cha mtoto kwa jirani, nije nikifunge maana kina skrubu kumi na sita. Nikamwambia stesheni nzima iko mabegani mwangu. Akauliza mabega hayo yatarudi saa ngapi.

Jumamosi, 13 Aprili

Siku ya ushindi. Nataka iandikwe hivyo kabla sijafika kwenye mambo ya saa kumi.

Nilizima simu yangu ya mfukoni asubuhi. Kazi ni kazi.

Saa mbili u nusu yule karani wa mwisho wa reli alipiga simu ya ofisi. Hakuwa mchangamfu. Kuna mama kijana pale dirishani kwake, alisema, ana mtoto mgongoni na tiketi kwenye simu, behewa la tatu, kiti cha kumi na nne. Nikatazama chati. Kumi na nne: mwalimu mstaafu. Kumi na tano: boksi la vifaranga vya mwalimu mstaafu, nauli kamili, nilimgawia mimi mwenyewe jana. Nikasema hayumo. Karani akasema lakini simu yake inaonyesha. Nikasema simu huonyesha mengi. Akasema mtoto analia. Nikasema hilo si la kitengo chetu. Akasema, mzee, huyu dada anadai baba yake ni mtu wa tiketi. Nikacheka. Sikukuu ikifika kila abiria ana baba wa tiketi, mjomba wa tiketi, shemeji wa breki! Nikamwagiza asubiri treni ya Jumatatu, na kwamba kiti kikishapigwa penseli kimepigwa.

Mkuu alisikia yote. Akasema huo ndio msimamo. Neno lake hilo hilo: msimamo.

Saa kumi treni ikaingia. Nilikwenda jukwaani nimevaa koti. Mke wangu alikuwa amekwisha fika, na blanketi dogo mkononi. Tukasimama mbele ya behewa la tatu. Akashuka mwalimu mstaafu. Akashusha boksi lake, akalifunua kidogo tuone hakuna aliyekufa njiani, akanishukuru sana kwa kiti cha dirishani, maana vifaranga vilipata hewa.

Hakushuka mtu mwingine.

Mke wangu aliuliza simu yangu iko wapi. Niliiwasha. Ilitetemeka mfululizo mpaka nikalazimika kuishika kwa mikono miwili. Simu kumi na tisa za binti. Ujumbe mmoja: Baba, nipo dirishani, waambie ni mimi.

Mke wangu aliusoma. Akakunja blanketi mara nne, kwa ustadi, akaliweka kwenye mkoba wake. Akasema twende.

Jumapili, 14 Aprili

Jumapili hakuna treni. Nyumbani hakuna maneno. Nililetewa chai bila sukari na sukari ikabaki mezani upande wa pili, mahali ambapo ningelazimika kuiomba. Nilikunywa hivyo hivyo.

Nilifunga kitanda cha mtoto. Skrubu kumi na sita, zikabaki tatu. Kinasimama.

Binti alipiga saa tatu. Amelala kwa rafiki yake karibu na stesheni. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonikera, kwa sababu mtu akipandisha sauti unaweza kumwambia asipandishe sauti. Aliuliza kama ni kweli nilisema kilio cha mtoto si cha kitengo chetu. Nikamwambia lilikuwa jibu la kiofisi. Akasema mtoto amejifunza kukaa mwenyewe bila kushikwa, jana, kwenye benchi la stesheni. Nikauliza benchi lipi.

Nilikwenda ofisini. Zima-Washa alikuwa peke yake, amekaa sakafuni, viatu amevivua. Aliniambia naye alikuwa amuone mama yake sikukuu hii. Akasema hakuna waya uliochomoka, amekagua wote mara tatu, hilo ndilo linalomtoa akili, hakuna tundu hata moja lenye kasoro. Aliuliza kama nimewahi kuona mtu akigusa chini ya kaunta.

Ningeweza kusema. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajala.

Nikasema panya.

Akanishukuru. Akatumia mchana mzima kufuata nyaya ukutani kwa tochi, akitafuta mahali palipotafunwa. Nilimwachia nusu ya mkate wangu, jambo ambalo lichukuliwe kama lilivyo.

Kabla ya kuondoka nilifungua chati ya Jumatatu. Behewa la kwanza, kiti cha kwanza, dirishani: binti yangu. Nikakoleza penseli mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Kiti cha pili nikampa mjukuu, asije akabanwa na vifaranga.

Jumatatu, 15 Aprili

Saa tano asubuhi Zima-Washa alipiga ukelele chini ya kaunta. Akatoka ameshika ncha ya waya wa njano. Wakati huo huo mashine zote zikafufuka, na printa ikaanza kutapika orodha ya siku nne.

Alimweleza Mkuu. Tulikuwa tunatafuta kilichochomoka, alisema, kumbe shida ni kilichochomekwa. Waya huu ncha zake zote mbili zilikuwa kwenye kisanduku kimoja. Kisanduku kikitoa neno linarudi kwake, kinalitoa tena, linarudi tena, mpaka kelele zinaizima njia nzima. Ni kama mtu aliyefungiwa na mwangwi wake.

Mkuu akauliza nani aliyechomeka. Nikatazama dari. Zima-Washa akatazama mkono wake. Ndani ya mkono kulikuwa na kikaratasi. Hati yangu inajulikana reli nzima, hasa jinsi ninavyoandika nne.

Akakikunja. Akakitia mfukoni. Akasema huenda ni mtu aliyetaka tu kupanga vizuri.

Ujanja mtupu! Anataka kuniweka mkononi. Nimemgundua.

Saa nane Mkuu alimtangaza Zima-Washa kuwa Msimamizi wa Tiketi. Mimi nikapewa kabati jipya la fomu, lenye ufunguo. Alisema ni ishara ya imani. Watu mia moja na kumi waliolipia na kukosa viti wameandika malalamiko, na mimi ndiye nitakayeyapanga kwa herufi. La binti yangu limo. Limeandikwa vizuri, bila kosa.

Saa kumi treni. Behewa la kwanza. Alishuka amechoka, akampa mama yake mkono, akanipa mimi mtoto, kama mtu anayekabidhi zamu.

Mzito kuliko nilivyotarajia. Ana masikio mawili. Alinitazama kwa makini, uso mkavu kama mkaguzi wa reli, kisha akakamata miwani yangu na hakuiachia mpaka nyumbani. Sikuona njia. Mke wangu alinishika mkono kunivusha barabara. Hakuna aliyenikumbusha jambo lolote.

Jumanne, 16 Aprili

Wanaondoka leo saa nane mchana. Nimehesabu: saa ishirini na mbili, na kumi kati ya hizo alikuwa amelala. Nilikaa kando ya kitanda nikimwangalia, mkono mmoja kwenye mguu wa kitanda, upande usio na skrubu.

Asubuhi, mbele ya chai yenye sukari, binti alisema hana kinyongo. Aliomba jambo moja tu, baba, siku moja usifanye lolote. Kaa tu. Nikamwahidi. Mke wangu aliinua macho kutoka kwenye mkoba aliokuwa akiufunga, akayashusha.

Nimefika ofisini mapema. Nimefikiri sana juu ya alichosema binti, na ana haki kabisa.

Ila jambo moja limenijia wakati napanga malalamiko. Treni haiwezi kutoka bila fomu ya kuondokea yenye saini ya Mkuu. Fomu zote zimo kwenye kabati jipya. Ufunguo ni mmoja na uko mfukoni mwangu, na mimi saa saba hivi huenda nikalazimika kwenda mbali kidogo, nyumbani kwa mfano, ambako kuna mtoto wa kubebwa. Treni itachelewa kiasi. Nani ataumia? Ikichelewa mpaka jioni italazimika kulala, na kesho ni siku nzuri ya kusafiri.

Safari hii hakuna waya wowote. Nimeuliza, kwa udadisi tu, kama kuna fomu nyingine mahali. Zima-Washa ameniangalia muda mrefu, kisha akasema ngoja, nitaichapisha moja kutoka kwenye mashine.

Nipo chini ya kaunta. Natafuta waya wa printa ni upi.