Picha ya Adeer na Ngamia Wake

Leo nimeaibika, na aliyeniaibisha ana nundu.

Mnajua nataka kumwoa Hodan. Mnajua pia kwamba baba yake, Adeer Hassan (Adeer ndivyo tunavyomwita mzee wa rika la baba), hajawahi kuniuliza swali lolote ila moja: "Hiyo shahada yako inafanya kazi gani?" Basi niliposikia anataka picha yake kubwa ya kutundika sebuleni, pale penye kalenda ya duka la simiti, nilijitolea mbiombio. Kamera ninayo. Nikadhani na mkwe ninaye.

Alitaka apigwe na Adey, ngamia wake jike mweupe, fahari ya ukoo mzima. Adey akaletwa asubuhi kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba, huko mtaani Waberi. Adeer akatoka na kanzu iliyopigwa pasi, ndevu zimepakwa hina upya. Mimi nilivaa kikoi, ili aone Nairobi haijaniharibu. Eedo Sahara (Eedo ni shangazi), dada yake Adeer, nikamkabidhi lile duara la kitambaa cha dhahabu la kurudisha mwanga usoni. Akalishika kama sinia la pilau. Hodan alisimama mlangoni akitazama.

Adey akanigeuzia makalio. Nikazunguka. Naye akazunguka.

"Adeer, mwambie aangalie huku."

"Mwambie wewe. Si ndiwe uliyesoma?"

Mwishowe akatulia mwenyewe, akainua shingo, jua likamwangukia vizuri ajabu. Nikajisahau. "Wallahi Adeer, huyu ni mrembo! Tazameni shingo! Na hicho kiwele, maziwa yake yatajaza pipa!"

Adeer akaikaza kamba ya Adey mkononi, akanikazia macho.

"Sema mashallah," Eedo akaninong'oneza.

Kwetu ukimsifu mnyama wa mtu bila neno hilo, umemtupia jicho la husuda. Akikauka maziwa kesho, ni wewe. Neno moja tu! Ningelisema, yangekwisha. (Kumtaja Mungu sina tatizo nako. Tatizo langu lilikuwa hilo jicho.)

"Lakini Eedo, jicho linamfikiaje? Linatoa miale?"

"Warya, we kijana! Sema!"

"Ninauliza tu ushahidi uko wapi."

Kule mlangoni, Hodan alikuwa akijipitisha kidole shingoni.

Hapo upepo ukalipiga lile duara, na jua lote likaingia machoni mwa Adey. (Jua. Fizikia. Nawaomba mlikumbuke hilo.) Akanguruma, akaruka. Adeer akaiachia kamba. Eedo akalitupa duara. Mimi, badala ya kukimbia, nikaikumbatia kamera. Adey akainyoosha shingo ileile niliyoisifu, akakiuma kikoi changu, akaenda nacho.

Nikabaki na boksa. Ya manjano. Ina picha za ndizi.

"Mashallah!" nikasikia mtu akipiga mayowe. "Mashallah! Mashallaaah!"

Mtu huyo alikuwa mimi.

Adey akasimama papo hapo. (Duara lilikuwa limeanguka kifudifudi, mwanga umekatika! Nimelieleza hili tangu asubuhi na hakuna anayenisikiliza.)

Nikaliokota duara, nikajisitiri nalo, nikachuchumaa nyuma ya miguu ya ngamia. Adeer akaishika kamba tena, akanitazama, akaanza kucheka. Sikujua kama ana meno. Alicheka mpaka akamwegemea Adey, na Adey akatulia tuli, kikoi changu kikimning'inia mdomoni. Eedo Sahara, ambaye siku zote husema simu yake ni ya kupokelea tu, akaitoa na kupiga picha moja.

Adeer akaitazama. "Hii hii. Ifanye kubwa."

"Adeer, zangu ni safi zaidi, nikizirekebisha kidogo—"

"Hii!" Akajifuta machozi. "Na Ijumaa lete wazee wako, tuzungumze habari ya Hodan. Mtu anayeweza kumwomba ngamia msamaha, mke hatamshinda."

Kwa hiyo ndugu zangu, nimekubaliwa. Ijumaa wazee wangu watakaa sebuleni kwa Adeer wakinywa chai na kuisifu elimu yangu, na juu ya vichwa vyao nitakuwa mimi, nimechuchumaa na ndizi zangu, nikichungulia kutoka nyuma ya ngamia.

Tafadhali msicheke. Na kama ni lazima, semeni mashallah kwanza.