Kiwanja Changu Kiko Ziwani

Jumatatu, 15 Aprili 2024. Mjini Baraka.

Asubuhi nimekwenda kukisalimia kiwanja changu, parseli ya urithi. Kiko palepale, chini ya maji. Michikichi minne aliyoipanda marehemu baba kwenye pembe zake bado imesimama ziwani, maji kiunoni. Nyumba imebaki vichwa vya kuta tu. Ziwa limehamia kwangu bila kupiga hodi! Sisi wenyewe, yaani mimi, Clarisse mke wangu na watoto, tunalala sebuleni kwa dada yake, Arlette, tumepangwa kama ndagala, dagaa wetu, walioanikwa juani.

Serikali imeleta mpango. Shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa wetu, ametangaza: hakuna kujenga tena upande wa chini wa barabara. Anayeacha kiwanja cha chini mbele ya mashahidi anapewa kingine juu, mlimani. Mwisho Jumamosi. Clarisse alifurahi mpaka akaimba. Nikamwambia atulie. Kiwanja cha baba hakiachwi kama kandambili iliyokatika. Shefu anasema ziwa lote ni la serikali. Mimi nasema serikali haikununua kwangu, na ziwa pia halikununua. Ziwa ni mpangaji tu.

Na mpangaji hulipa. Wazo hilo limenijia nikiwa bado nabishana na shefu.

Jumanne, 16 Aprili

Nimegundua jambo. Wilfried, mume wa Arlette na mwenyeji wetu, ni mvuvi, na kila siku anatega nyavu katikati ya michikichi yangu. Samaki wanapenda kujificha kwenye kuta zangu. Kumbe matofali yangu ndiyo yanayomlisha!

Nimefunga kamba kutoka mchikichi hadi mchikichi, maji yakinifika kidevuni. Nimetundika kitambaa chekundu. Nimetangaza ufukweni kwamba kila mtumbwi unaoingia kwangu utaacha samaki mmoja. Wilfried akauliza kama hata yeye, anayenilaza kwake, atalipa. Nikamjibu undugu ni undugu, parseli ni parseli.

Jioni Arlette alipakua bugali. Samaki wote walikwenda upande wa Wilfried. Mimi nilipata mchuzi mtupu. Nikaumaliza wote. Mchuzi wenyewe ulikuwa mtamu.

Jumatano, 17 Aprili

Ushindi! Wavuvi wageni kutoka Kazimia wameniachia samaki wawili wanono, mikeke, bila ubishi. Nilikuwa nimekaa ufukweni kwenye kiti changu, kile pekee nilichookoa.

Shefu akapita, akanionya. Nikapanda juu ya kiti. Nikatamka mbele ya watu wote kwamba kila kilicho ndani ya michikichi ile minne ni mali yangu: maji, samaki, na chochote kinachopumua humo. Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wanacheka, lakini makofi ni makofi.

Clarisse ameniomba tena, kwa upole, twende tukachukue kiwanja cha juu. Watoto wanakohoa kwa kulala chini, na mvua hazijaisha. Moyo uliniuma, nakiri. Lakini nikamweleza kwamba nikitumia akili nitapata vyote viwili, cha chini na cha juu. Akasema mshika mbili moja humponyoka. Halafu akanyamaza. Heri Clarisse agombe! Akinyamaza ndipo naogopa.

Alhamisi, 18 Aprili

Kiboko!

Amehamia kiwanjani kwangu. Amelala kati ya ukuta wa sebule na ukuta wa choo, kajaa nafasi yote. Kamba yangu ameikata, na kitambaa changu chekundu amekivaa shingoni kama mwanakwaya. Hakuna mtumbwi unaosogea. Samaki, hata mmoja sijapata!

Wilfried ameuliza kama kiboko naye ameacha samaki wake. Mtu huyu hana heshima.

Ijumaa, 19 Aprili

Balaa. Usiku kiboko alitoka majini akala shamba zima la mahindi la Mama Félicité, mjane jirani yetu. Kulipokucha mama huyo amenishitaki kwa shefu, na kartie nzima imekuja kusikiliza.

Nikajitetea kwamba kiboko ni mnyama wa serikali. Mama Félicité akauliza nani alipanda juu ya kiti Jumatano. Akasema, na haya ni maneno yake mwenyewe: "Kama maji iko yako, kiboko pia iko yako. Umufunge muzuri, ao ulime shamba yangu yote mupya, we mwenyewe!" Watu wakashangilia. Nikashangaa mama huyu amejifunza lini kubishana hivyo. Kisha nikamwona Clarisse amekaa kando yake, kainamisha kichwa, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Shefu akataka jibu moja: kiwanja ni changu au si changu? Nikalifikiria shamba lile. Nikalifikiria jembe. Nikaufikiria mgongo wangu. Nikapiga kelele kwamba si changu! Maji si yangu, michikichi si yangu, kiwanja nimekiacha, wakichukue na mnyama wao!

Shefu akauliza kama watu wamesikia. Nadhani walisikia mpaka kule mbali Mboko. Hapo Clarisse akainuka taratibu, akasema mashahidi wametosha, cha juu kiandikwe kwa jina lake. Kikaandikwa.

Njiani nilimkumbuka baba, machozi yakanitoka. Clarisse alinishika mkono njia nzima, mbele za watu. Akasema tutachukua mbegu za michikichi ileile. Nampenda sana mwanamke huyu, hata kama ameniuza kwa kiboko.

Jumamosi, 27 Aprili

Tumehamia juu. Kwa sasa ni turubai tu, lakini watoto hawakohoi tena. Wilfried amebeba mizigo yetu kichwani kutwa nzima bila kunitania. Basi, kanitania mara mbili tu. Mbegu za baba nimezipanda kwenye pembe zote nne.

Kutoka huku ziwa linaonekana lote. Nimelitazama kwa makini. Bado linapanda.

Mchana nimechonga vigingi, nikavipigilia mbele ya mlango. Clarisse akauliza vya nini mlimani. Nikamweleza ni vya kufungia mitumbwi, ziwa likifika. Mtu mwenye akili hujitayarisha mapema. Bei ni ileile, samaki mmoja.

Amenikumbusha kwamba kiwanja hiki ni chake. Sawa kabisa. Samaki watakuwa wangu, kiboko wake.