Kitambaa cha Taya cha Docteur Floribert

Wewe unayenisikiliza, umekwisha kuona wapi mtu anayejilisha kwa mdomo wake, na mdomo huohuo unamla yeye? Hujaona. Basi vuta kiti, nikuonyeshe Floribert wa mtaa wa Hewa Bora.

Floribert alikuwa na koti moja la buluu, viatu vyenye ncha ndefu vilivyofika mahali kabla ya mwenyewe, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki maji. Alimuuzia mzee Donat, fundi mstaafu wa reli, mafuta ya kuotesha nywele. Kichwa cha Donat mpaka leo kinang'aa kama sahani ya harusi. Alimuuzia Tracy mshonaji sabuni ya kufukuza wakwe. Sabuni ikafukuza ngozi ya mikono. Wakwe wakabaki, na chai wakaomba.

Lakini Mungu hakosi kumwekea mtu mawe kwenye mchele. Floribert alikuwa na taya. Na wewe unayo, nami ninayo, ila ya kwake ya kuume, pale mbele ya sikio kinywa kinaposhikia bawaba yake, ilikuwa mlango ulionyimwa mafuta. Akipiga miayo, ka! Akitafuna, ka! Maumivu yalianza hapo, yakapanda sikioni, yakaenda kutembea kisogoni, yakarudi kulala nyumbani. Asubuhi aliamka meno yameumana kama ndugu wanaogawana shamba la marehemu. Miaka mitatu hakuwa ametia jino kwenye muhindi wa kuchoma. Tonge lake la bukari, ugali wetu, lilikuwa la kumlisha kifaranga.

Na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Anayeuza uzima hawezi kuonekana ameshika shavu. Taya ikilia ka! mbele ya mteja, alibonyeza kidole upesi kialike, mteja adhani ni kidole kilicholia.

Siku moja yalimzidi. Akaenda kwa siri kwenye zahanati iliyo mbali na kwao, akakaa kwenye benchi pamoja na wengine, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Kutazama hivi, akaona mama ameshika shavu. Kando yake mwingine, ameshika shavu. Na kijana mmoja, na baba mmoja wa tai, wote mashavu mikononi kama watu wanaosikiliza simu. Mtu mwingine angesema: kumbe siko peke yangu. Floribert alisema: kumbe kuna soko.

Akasimama, akatoka. Walibaki watu wawili tu zamu yake ifike.

Nyumbani akachana shuka nyeupe vipande virefu. Katika kila kipande akashonea mawe mawili ya malachite, yale ya kijani yanayouzwa kwa wageni, moja kwa kila upande wa taya. Kitambaa kinapita chini ya kidevu, kinapanda juu, kinafungwa fundo utosini. Jiwe la ardhi ya Katanga litavuta maumivu, na mgonjwa asiseme hata neno moja kwa siku saba, la sivyo dawa inageuka. Hapo ndipo akili yote ilipolala, ndugu yangu. Mgonjwa aliyefungwa kinywa halalamiki. Siku ya saba akifunguliwa, docteur yuko Pweto, anapunga upepo wa ziwa.

Sasa docteur asiye na chumba ni mchuuzi tu. Alihitaji mlango, na kibao juu ya mlango. Mlango aliouota ulikuwa kwa mama Djamila.

Djamila alikuwa mjane, ukoo wake watu wa Maniema, muuzaji wa samaki wakavu wa Pweto. Lupango lake, yaani ua wa nyumba yake, lilikuwa na chumba kidogo kinachotazama barabara, kitupu tangu mume wake afariki. Na, Mungu akupe nini, naye alikuwa anashika shavu.

"Bonjour, mama," Floribert akasema, mkono kifuani. "Niko naona taya yako iko nakutesa."

"Iko nanitesa kweli, papa. Iko naandikwa ku uso?"

"Ku macho ya muntu mwenye masomo, njo vile. Mi nilisomea mataya."

"Yote, ao ya kuume tu?"

Floribert akacheka. Ka! Akabonyeza kidole.

"Eh, docteur! Bidole byako biko na makelele."

"Ni damu ya nguvu, mama."

Djamila akamkaribisha muhindi wa kuchoma, wa moto, chumvi juu. Floribert akasema anafuata régime, chakula cha kupimwa. Djamila akamletea mkate na chai. Mgeni akaukata mkate vipande vya ukucha, akavilowanisha, akavitafuna kwa upande wa kushoto, kichwa kimeinama kama kuku anayesikiliza. Djamila alitazama yote hayo bila kupepesa. Yeye alikuwa amekaa mwisho wa lile benchi la zahanati. Miezi sita alikuwa anatibiwa pale, na alijua somo lake vizuri: kitambaa cha moto, chakula laini, maneno kidogo, meno ya juu na ya chini yasigusane bure. Mwenye taya anamjua mwenzake hata gizani. Na ile kofia iliyoshuka alikuwa ameiona ikitoka.

Lakini alimwachia aeleze mawe, na siku saba, na chumba anachokihitaji.

"Ni muzuri," akasema. "Ila mi niko muuzaji wa samaki, docteur. Samaki naanza kuinusa mbele ya kuinunua. Vaa weye kwanza."

"Mi? Mi niko muzima!"

"Njo maana. Kama haimuuwe muntu muzima, haitamuuwa mugonjwa. Kesho asubui ukuye, nikufunge. Utakaa ku kiti, hapa ku mulango wa lupango, mpaka muazini ya magaribi. Usiseme neno, usisimame. Ukishinda, chumba ni yako miezi sita, na bamama bote ba samaki nitakuletea. Ukisema hata moja, chumba hakuna."

Floribert akapima. Siku moja ya kunyamaza, kwa miezi sita ya mlango? Kuna watu wazuri kuliko yeye waliokaa kimya jela kwa kitu kidogo zaidi.

Kesho yake akakaa. Djamila akaweka ufunguo wa chumba juu ya meza ndogo, mbele ya macho yake. Akaleta taulo iliyochovywa maji ya moto, akaizungusha kwenye mataya, juu yake akafunga kile kitambaa. "Acha meno isigusane, docteur," akanong'ona. "Jiwe inapenda vile." Koti lisilowe, akamfunika shuka nyeupe mpaka shingoni. Jua likamwingia machoni, Floribert akayafumba.

Na hapa nataka nikuambie jambo ambalo wajanja hawalijui. Floribert maisha yake yote aliwauzia walio hai. Wafu hawakuwa wateja wake, kwa hiyo hakuwahi kukaa karibu nao. Hakuwahi kuona jinsi mama zetu wanavyomfunga marehemu, ile saa ya kwanza, kinywa kisije kikabaki wazi mbele ya wageni: kitambaa cheupe, chini ya kidevu, fundo utosini.

Mama Edith wa parokia akapita na beseni la mboga za lengalenga kichwani. Akaona shuka. Akaona fundo. Beseni likaenda chini.

"Yeee! Docteur Floribert amekufa! Yee mama yee!"

Floribert akafungua jicho moja.

"Iko nafungua jicho! Roho njo iko natoka!"

Djamila akatoka mbio, akamfumba lile jicho kwa vidole viwili, taratibu, kama inavyotakiwa. "Sisi ni wa Mungu," akasema kwa sauti. Kisha sikioni: "Sema tu, chumba iende."

Floribert akanyamaza.

Kabla ya saa sita, bâche, turubai la msiba, ilikuwa imesimama, viti vya plastiki vimepangwa, masufuria ya bukari yanatoka moshi. Waimbaji wa parokia wakaja na ngoma zao. Ndege ikapanda kutoka uwanja wa ndege wa Luano, watu wote wakainua macho na kuipungia, kana kwamba marehemu alikuwa amepata kiti cha dirishani.

Mzee Donat akafika, akavua kofia, kichwa kikamulika. Akainama juu ya maiti, akatega sikio muda mrefu.

"Mama Djamila, maiti iko nahema."

"Ni upepo inatoka, papa. Alikuwa nayo mingi."

Donat akamtazama Djamila. Djamila akamtazama Donat. Mzee akaipeleka leso kwenye uso, mabega yakaanza kumtetemeka. Kutoka hapo neno likatembea kiti kwa kiti, leso kwa leso, mpaka Hewa Bora yote ikajua, na hakuna aliyesema. Mama Edith naye aliambiwa sikioni, lakini akaendelea kulia. "Machozi nimeisha kuyafungua," akasema, "nitayarudisha wapi?"

Yakaja mahubiri. "Marehemu alikuwa muntu wa mukono wazi," Donat akasema. "Mukono wake ilikuwa wazi, na mufuko yangu pia. Alinipaka mafuta ya nywele. Hata nyushi zikapunguka."

"Mulale salama, docteur!" watu wakaitikia.

"Na kwetu," Donat akaendelea, "marehemu haendake na kintu. Tugawanye bintu byake, roho yake isisumbuke mu njia."

Floribert akahisi kiatu cha kuume kinatoka. Kikafuata cha kushoto. Tracy mshonaji akamvua koti kwa adabu, mkono mmoja, halafu mwingine, kama anayemvua mtoto aliyelala. "Hii nitaipunguza ku kiuno, nibape bamukwe," akasema. "Alisema bataenda. Baende basi na koti." Sanduku la dawa likafunguliwa, likapita mkono kwa mkono. Fundi seremala mmoja akapima urefu kwa kamba.

"Iko murefu kuliko nilivyofikiria."

"Tutakunja magoti," Donat akasema. "Maisha yake yote alipindapinda, hatashangaa."

Ndani ya kichwa, Floribert alitukana ukoo mzima wa kila mtu. Alitukana kwa Kiswahili, akarudia kwa Kifaransa. Ufunguo ulikuwa palepale mezani, unang'aa. Akanyamaza.

Na kila saa Djamila alikuja na taulo nyingine ya moto, akabadilisha, akakamua maji, akafunga upya. Kwenye saa tisa, katikati ya wimbo, Floribert akasikia kuna kitu kimepungua. Akakitafuta, kama mtu anayepapasa miwani kitandani. Sikioni hakikuwapo. Kisogoni hakikuwapo. Akasogeza taya kidogo tu, ndani ya kitambaa. Haikulia. Maumivu yalikuwa yamelala, yamenyoosha miguu, baada ya miaka mitatu.

Akiwa na singleti na soksi, viatu vimekwenda, mbele ya watu wanaoimba amekufa, machozi yakamtoka.

"Maiti iko nalia!" mama Edith akapiga kelele.

"Ni jasho," Djamila akasema, akampangusa.

Jua likashuka nyuma ya paa. Ilibaki nusu saa kabla ya muazini. Djamila akasogeza kigoda, akakaa uso kwa uso na marehemu, akaanza kufungua fundo, polepole. Ngoma zikanyamaza. Hata bukari ikaacha kuliwa.

"Kungali bado nusu saa," akamwambia. Hakunong'ona tena. "Ukinyamaza, funguo ni yako, mi sivunje neno yangu. Utaweka kibao, na batu bataingia. Ila taulo hakuna mwenye atakubadilishia, juu docteur hagonjwake. Usiku maumivu itaamuka, we peke yako nayo." Akamwekea kiganja kwenye shavu la kuume, pale penyewe, kama mtu anayeijua njia. "Papa Floribert. Iko nakuluma tangu lini?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Floribert akatazama ufunguo. Akamtazama Donat, amesimama na vile viatu vya ncha mkononi. Akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. Maneno yake yote ya miaka yote yalikuwa hapo, yamepanga foleni, yamevaa tai. Akayapita.

"Miaka tatu, mama," akasema. "Iko naniluma miaka tatu. Mama, niko mugonjwa. Munipeleke kwa docteur."