Jibu Moja kwa Wateja Wote

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa ofisi ametangaza leo. Swichibodi inaondolewa mwisho wa mwezi. Miaka kumi na tisa nimepokea simu za ofisi hii ya maji, sita ya mwisho bila macho, na sijawahi kumuunganisha mtu kusikohusika. Sasa wateja watalalamika kwa barua pepe. Patakuwa na dawati la kuwajibu. Atakayelikosa atastaafu mapema. Kwa sauti aliyoitumia Mkuu, hakuwa anamzungumzia Mhuri.

Mhuri ndivyo tunavyomwita mtunza mafaili. Hakuna karatasi inayompita bila kugongwa. Naye analitaka dawati. Jaribio ni Ijumaa: barua za kweli, tano kwa kila mmoja wetu.

Nimemwambia Mkuu kwamba barua pepe nazijua nje ndani. Sijawahi kutuma hata moja. Simu yangu husema kila ninachokigusa kwenye skrini, lakini mimi huitumia kujua saa.

Mke wangu ameuliza kama nitaweza. Nimemwambia asinivunje moyo. Hakuwa amenivunja, nilitaka tu kumuwahi.

Naandika haya kwa nukta nundu. Yeye hazisomi. Hakuna shajara salama kuliko hii.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu, mama asiyeona tangu kuzaliwa, anayetufundisha wenzake simu na kompyuta. Ukipeleka kidole kulia, simu inakusomea barua inayofuata. Ukigonga mara mbili, inafunguka. Hapo tulielewana. Tatizo anataka nisikilize kila kitu mpaka mwisho. Akasema, “Baba, barua ambayo hujaisikiliza usiitume.” Nikasema sawa. Leo nimesema sawa mara kumi na nne.

Sauti ya simu yake inakwenda kasi ajabu, naye anaelewa kila neno. Nikaomba yangu iwekwe vivyo hivyo. Akauliza kama nina hakika. Sasa simu yangu inavuma kama nyuki ndani ya chupa. Lakini ni nyuki wa kitaalamu.

Jumatano, 5 Machi

Mpango tayari. Wateja wote wanalalamikia maji. Kwa hiyo jibu ni moja. Nitalisema, simu italiandika, nitalinakili, na Ijumaa nitalibandika mara tano. Mhuri atakuwa bado anatafuta miwani.

Nimelisema sebuleni, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Mke wangu akapita katikati na mambo yake. Sikumjibu. Mtu akiwa kazini hajibizani. Kisha nimelisikiliza mara moja, kwa kasi. Limekaa vizuri. Refu kidogo kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 6 Machi

Mhuri ameanza kuchungulia simu yangu. Nasikia pumzi zake begani, zinanukia pipi ya mnanaa. Nikauzima mwanga wa skrini, kama Mwalimu alivyonionyesha. Skrini inakuwa nyeusi, simu inaendelea kusema masikioni. Asubuhi yote nimefanya mazoezi kwenye giza.

Saa tano Mkuu alikuja kuniuliza, kwa upole mwingi, kama niko salama. Kumbe Mhuri amempelekea habari kwamba simu yangu imekufa tangu asubuhi na bado naipapasa. Nikachomoa spika za masikioni ili Mkuu asikie mwenyewe. Akasikiliza. Akauliza hiyo ni lugha gani. Nikamwambia Kiswahili. Akaondoka. Nadhani amevutiwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza barua zangu tano kwa dakika nne. Mhuri alikuwa bado anachapisha ya kwanza ili aigonge mhuri.

Simu ya mezani ya Mkuu ikalia. Mama mmoja, fundi cherehani. Bomba limepasuka mbele ya duka lake, maji yameingia, vitambaa vya watu vinaelea. Ameandika kuomba msaada, akapata jibu langu. Mkuu akalifungua kwenye kompyuta yake akatusomea polepole, kama hakimu:

“Ndugu mteja, tumepokea malalamiko yako, tunasikitika, umevaa tena soksi mbili tofauti, na hii fulana itakaa hapa kitini mpaka lini, tunayashughulikia, unanisikia kweli wewe, wako mtiifu.”

Mhuri akakohoa kwa furaha. Nilijiona nimeshastaafu, nimekaa nyumbani mchana kutwa, mimi na redio.

Lakini yule mama alikuwa bado hewani, nikamsikia analia. Nikaomba mkonga wa simu. Nikamuuliza duka liko upande gani wa barabara, na maji yanachuruzika au yanaruka. Yanaruka. Nikampigia fundi bomba wa zamu wa upande ule. Namba zao zote ninazo kichwani. Hakupokea. Nikampigia mkewe. Akapatikana mara moja. Baada ya nusu saa bomba lilikuwa limefungwa. Nikampigia tena yule mama kumpa pole. Akasema pole amepokea, na nimpe salamu huyo wa soksi.

Mkuu akasema, “Dawati mtalikalia wote wawili. Lakini wewe, mzee, punguza kasi ya hiyo simu, na kila jibu ulisikilize mpaka mwisho kabla ya kutuma. Umenielewa?”

Nimesema sawa. Nyumbani nimesema nimepanda cheo.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza dawatini. Mwisho wa wiki nimelitafakari sana kosa la Ijumaa, na nimeligundua. Lilikuwa la mke wangu.

Leo nimegundua pia jambo ambalo Mwalimu hakuniambia. Chini ya kila barua, simu yenyewe inapendekeza majibu mafupi, yaliyo tayari. Huna haja ya kusema kitu, wala kuandika, wala kuisikiliza barua yenyewe. Unagonga mara mbili, limekwenda. Hakuna wa kupita katikati.

Nimechagua lile la kwanza, maana ndilo lililo karibu na kidole. Nikalisikiliza polepole mpaka mwisho, kama nilivyoagizwa. Linasema: “Habari njema, hongera sana.”

Malalamiko thelathini na moja nimeyajibu kabla ya saa nne. Mhuri yuko kwenye la pili. Nimemuonea huruma.