Banda Kavu la Birdie

Jumatatu, 6 Oktoba

Banda la Birdie limelowa tena. Maranda ya mbao niliyomwaga jana yamekuwa uji. Birdie ni farasi jike wa Verna, binti wa dada yangu, anayefundisha shule ya hapa jirani na kulala kwangu. Bila Birdie wa kumvutia gari hafiki kwao; dini yetu haituruhusu magari ya injini. Amenikabidhi mimi, maana nani mwingine anajua farasi hapa Ohio? Niliwahi kulituliza dume la farasi lililoua fahali, kwa kulikazia macho tu. Majivuno kwetu ni dhambi, kwa hiyo naandika ukweli mtupu.

Dawa ni rahisi. Anakojoa sana kwa sababu anakunywa sana. Nimeondoa ndoo.

Jumatano, 8 Oktoba

Birdie amekonda, mbavu nje. Nimempa alfalfa, majani matamu ya jamii ya kunde, karamu ya kifalme. Anatembea kwa kukakamaa, basi nikamtilia unga wa kutuliza maumivu. Kijiko, na kingine cha upendo. Maji asubuhi tu.

Shemeji Mahlon, baba yake Verna, alipita na tufaha. Akauliza kama nimemfungisha Birdie saumu. Nikamwambia jike lake yeye limenenepa kwa uvivu, limemwiga mwenye mali. Akacheka. Simpendi anapocheka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Verna kaenda kibanda cha simu, maana kwetu simu haziingii nyumbani, kumwita daktari wa mifugo. Hakuniuliza! Daktari akatoa damu, akatazama ukoga mgumu kwenye meno, akabonyeza uvimbe chini ya tumbo. Akasema mafigo yamechakaa siku nyingi. Hayaponi, ila akitunzwa ataishi bado, na vizuri. Maji yasikosekane hata saa moja. Nyasi kavu za kawaida; alfalfa ina madini mengi ya chokaa, mafigo yake hayaiwezi. Unga wa maumivu marufuku, unayamaliza.

Verna akaniangalia. Nikasema yote hayo nilikuwa nayajua, nilikuwa napima tu. Daktari akauliza napima nini. Mtu mkorofi.

Jumapili, 12 Oktoba

Ibada yetu huzunguka majumbani, na leo ilikuwa zamu ya nyumba yangu. Alfajiri nikaificha ndoo ya Birdie, watu wasikute tope. Vijana wakawafungua farasi wa wageni kwenye magari, wakawapanga bandani pamoja na Birdie. Wote kahawia, kama mikate ya tanuri moja. Kabla ya wimbo wa kwanza nikachomoka kumpa Birdie alfalfa kwa siri. Daktari ana vitabu, mimi nina mkono.

Baada ya chakula nikawapeleka wanaume bandani. Nikawaambia watazame nyonga hizo, zinang'aa. Huyu ndiye aliyeambiwa haponi. Askofu akampapasa, akatikisa kichwa kwa mshangao. Nikaanza kusimulia.

Mahlon akasema taratibu, “Shemeji, huyo ni wangu. Birdie vijana walimhamisha. Yuko kule mwisho, analamba ukuta.”

Wakacheka, hata askofu. Ningecheka nao, lakini Verna hakucheka. Alikwenda mwenyewe kwenye pampu ya maji. Birdie akazamisha mdomo kwenye ndoo, hakuinua kichwa mpaka ikabaki tupu. Verna akajaza nyingine.

“Mjomba,” akasema bila kunigeukia, “sikukuomba umponye. Nilikuomba umpe maji.”

Mbele za watu. Mimi niliyemfundisha kushika hatamu.

Jioni Mahlon akamfunga Birdie nyuma ya gari lake, akamwongoza mwendo wa pole. Verna akapakia nguo zake.

Jumatano, 22 Oktoba

Nasikia Birdie anakula nyasi vizuri na uvimbe umepungua. Bila shaka alfalfa yangu imeanza kufanya kazi. Nimepanda mimi, anavuna Mahlon. Ndiyo dunia.

Verna siku hizi huja shuleni na gari la baba yake. Hupita mbele ya lango langu asubuhi na jioni. Hasimami. Namwekea kahawa, inapoa, nainywa mwenyewe.

Leo nimeingia bandani kwa Birdie. Nimeinama, nimeshika maranda kwa viganja viwili. Makavu, hata tone hakuna. Si nilisema tangu mwanzo? Ilikuwa ni kuondoa ndoo tu.